Kutoka Mulago hadi MYC: Nafasi ya Kampala katika Historia ya Jeni na RNA za Saratani

Historia ya jeni za saratani aghalabu huandikwa kama historia ya maabara. Masimulizi mengi kuhusu jeni ya MYC huanzia mwaka 1982, watafiti walipobaini kuwa katika uvimbe wa Burkitt jeni hiyo huhama kutoka kromosomu ya 8 na kuangukia kando ya jeni za kingamwili katika kromosomu ya 14, ambako huchochewa kutoa RNA yake bila kikomo. Insha hii inashikilia kwamba mwanzo huo umechelewa kwa zaidi ya miongo miwili.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto. Hakuwa wa kwanza kuuona; Albert Cook wa Mengo alikwisha kuuweka katika kumbukumbu zake mwanzoni mwa karne. Jipya lilikuwa kuonyesha kwamba uvimbe wa taya na ule wa viungo vingine ulikuwa ugonjwa mmoja. Machi 1961 alitoa mhadhara London, na Anthony Epstein akaomba apelekewe vipande vya uvimbe huo kwa ndege.

Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege iliyobeba kipande kimoja kutua Manchester, na kilipofika London majimaji yake yalikuwa yamechafuka kana kwamba yameoza. Alipoyatazama kwa hadubini, alikuta seli hai za uvimbe zilizotikisika safarini na kuachana. Seli hizo zilikubali kuoteshwa, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona virusi ndani yake. Waandishi wanaupenda mno ukungu huu. Mtoto aliyekatwa kipande hicho hawamtaji, wala hawaulizi wazazi wake waliambiwa nini. Kati ya mwaka 1972 na 1974 damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, Uganda, ilichukuliwa ili kuthibitisha uhusiano wa virusi hivyo na ugonjwa. Hao nao husomwa kama tarakimu.

Yawezekana kujibu kwamba tishu yoyote ingetosha. Kwa upande wa MYC, hoja hiyo ina nguvu, kwani uhamaji wa jeni hiyo huonekana pia kwa wagonjwa wa Ulaya. Kwa upande wa virusi, hoja inaanguka. Takribani kila uvimbe wa Burkitt katika ukanda wa malaria wa Afrika hubeba virusi hivi, ilhali Ulaya na Marekani ni sehemu ndogo tu. Mwaka 1981 maabara ya Joan Steitz, Chuo Kikuu cha Yale, ilieleza RNA mbili fupi za virusi hivyo, zinazoitwa EBER, ambazo hazitafsiriwi kuwa protini. Zimejaa mno ndani ya seli hata wapatholojia huzitafuta hizo wanapotaka kujua kama uvimbe una virusi. Mtafiti aliyewategemea wagonjwa wa London pekee angekuwa na sababu ndogo sana ya kuvitafuta.