Kilemba cha Mwalimu wa Watoto

Siku hizi mtoto anapomaliza mwaka wake katika shule ya chekechea, nyumba nyingi zimezoea kumnunulia mwalimu kadi yenye maua, ikatiwa maneno mawili matatu ya shukrani na kupelekwa siku ya kufunga shule. Wako wazee wanaonung'unika kwamba huo ni uzungu. Kadi yenyewe huenda ikawa ngeni, lakini jambo lililomo ndani yake si geni hata kidogo. Kumshukuru mwalimu wa mtoto mdogo ni ada kongwe kwetu, na haikuishia pwani. Ilisafiri na watu wetu hadi bara.

Katika mji wa Tabora iko kata iitwayo Mtendeni. Jina lenyewe latosha kuwa ushahidi, kwani mtende si mti wa asili ya Unyamwezi. Mitende, na pamoja nayo miembe, ilifika huko kwa njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo mpaka Unyanyembe, kisha ikagawanyika: moja kuelekea Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, aliyewakirimu alikuwa Snay bin Amir, tajiri wa Kiharithi aliyekwisha kufanya maskani huko. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, nguo na shanga, na, wala haifai kuficha, watu waliofungwa minyororo. Lakini ilipitisha pia msahafu na ubao wa chuoni.

Kwani Mwislamu akihamia mahali na watoto wake, hawezi kukaa muda mrefu bila ya kutafuta wa kuwafundisha. Chuo hakikuhitaji jengo. Kilihitaji jamvi barazani, ubao, kalamu ya tete, wino wa masizi, na mtu mmoja mwenye subira. Mtoto aliandikiwa alifu na bee, akazisoma kwa sauti mpaka zikamkaa. Kisha ubao ukaoshwa, akaandikiwa nyingine. Akaendelea hivyo hadi Juzuu Amma, na mbele yake. Wakati mwingine mwalimu huyo alikuwa mama wa mtaani, anafundisha huku chungu kiko motoni. Vitabu vya wasafiri vimejaa majina ya matajiri na watemi. Mama huyu hayumo, ijapokuwa ndiye aliyewafunulia watoto herufi.

Mwalimu wa chuoni hakuwa na mshahara wa mwezi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, aliieleza habari ya chuo katika zile desturi za Waswahili zilizopigwa chapa na Velten mwaka 1903. Wazee walikuwa na ada zao: mtoto anapoingizwa, anapopiga hatua katika kusoma, na zaidi anapohitimu. Zawadi ya mwisho iliitwa kilemba. Wakati mwingine ilikuwa kilemba hasa cha kuvaa kichwani, wakati mwingine kanzu au fedha, lakini jina lilibaki lile lile. Fundi seremala naye alipewa kilemba na mwanafunzi wake alipomaliza. Nipendalo mimi katika ada hii ni kwamba haikuwa siri. Majirani waliitwa, dua ikasomwa, chakula kikaliwa, na watu wote wakajua kwamba fulani kasomeshwa na fulani.

Wala wazee hawakulizua jambo hili. Inasimuliwa kwamba Imamu Abu Hanifa, mwanawe Hammad alipojifunza Suratul Fatiha, alimpelekea mwalimu dirhamu 500. Mwalimu akashangaa, akaona kazi aliyoifanya ni ndogo mno kwa mali ile. Imamu akamjibu kwamba lau angalikuwa na zaidi, angalimpa zaidi. Tazama, hiyo ni sura ya kwanza tu, ya mtoto mdogo! Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mwenyezi Mungu.

Sisi je? Twamsifu profesa aliyempa kijana wetu shahada, na aliyemshika mkono akalia siku ya kwanza twamsahau. Kwa hakika wengine hawamlipi hata ada yake. Hapa lazima niseme wazi: kadi haitoi deni. Mzazi anayedaiwa ada ya miezi mitatu, kisha akapeleka kadi ya maua, amemfanyia mwalimu kejeli. Lipa kwanza haki, halafu andika.

Ukiandika, jifunze kwa watu waliojua thamani ya karatasi. Mfuko wa barua za Livingstone ulifungwa Unguja tarehe 1 Novemba 1870. Stanley aliukuta umekwama Unyanyembe, akamfikishia mwenyewe Ujiji Novemba ya mwaka 1871. Mwaka mzima njiani! Barua ikisafiri hivyo, mtu haandiki maneno matupu. Barua za Waswahili wa zama zile, kwa herufi za Kiarabu, zilianza kwa kumtaja mtu kwa jina na heshima yake, zikatoa salamu, ndipo wa baada, likaja jambo lenyewe.

Fanya vivyo hivyo. Usiandike tu kwamba mwalimu ni bora kuliko wote, maneno ambayo kila kadi ya dukani inayo. Mwite kwa jina lake, Bi fulani au Maalim fulani, kisha taja alilolifanya: "Mtoto wetu alikuja kwako akiogopa hata kusema jina lake. Leo anapiga bismillahi kabla ya kula na kuwakumbusha wakubwa. Mungu akulipe." Mistari mitatu yatosha. Chini yake mwache mtoto aandike jina lake mwenyewe, hata herufi zikipinda. Hilo mwalimu atalitazama kuliko maua.

Tena usidhani chekechea ni kitu kilichotutenga na chuo. Huko Mombasa, katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said na wenziwe walianzisha shule za awali ndani ya madrasa, na mpango huo ukaenea Unguja na Uganda. Jamvi la barazani na darasa lenye picha ukutani vimekutana mahali pamoja, na anayekaa mbele ya watoto ni yule yule mama wa subira.

Basi kadi ikiwa tayari, isitupwe ndani ya mkoba wa mtoto. Baba na mama waende pamoja, mwalimu mkuu na wazazi wengine wakiwapo, na mtoto ndiye aitoe kwa mkono wake wa kulia.