Maktaba Iliyogeuka Jiko

Jina lenyewe, ndugu msomaji, ni De Librije. Ni Kidachi cha zamani, maana yake maktaba. Na kweli palikuwa maktaba. Katika mji wa Zwolle, mashariki mwa Uholanzi, watawa wa Kidominiko walijenga nyumba yao karne ya 15, na chumba cha vitabu kikiwemo. Watawa walikwisha ondoka zamani. Karne zikapita, na ndani ya kuta zile zile watu wakaanza kuja na njaa ya namna nyingine.

Najua, sisi wa vitabu tunaweza kununa. Maktaba kuwa hoteli ya chakula! Lakini usinune haraka: kanisa la watawa hao hao, Broerenkerk, lilifunguliwa mwaka 2013 kama duka la vitabu.

Turudi jikoni. Kijana aliyeupa mgahawa huo jina hakutoka Paris. Jonnie Boer alizaliwa mwaka 1965 huko Giethoorn, kijiji cha mifereji, ambako ukitaka kwenda kwa jirani unaweza kupanda mashua. Wazazi wake walikuwa na mkahawa pale kijijini. Mwaka 1989, akiwa na miaka 24 tu, alishika usukani wa jiko la De Librije. Mwanzoni mwa miaka ya 90 yeye na Thérèse, mwenzi wake, wakauchukua mgahawa wenyewe. Huyo binti alikuwa hajafikisha hata miaka 25. Mwanamume jikoni, mwanamke ukumbini na kwenye mvinyo, na deni juu ya vichwa vyao wote wawili.

Sasa, enzi hizo mpishi wa Ulaya akitaka kuheshimika ilibidi apike Kifaransa. Hata waamuzi walikuwa Wafaransa: nyota za Michelin hutolewa na kampuni ya matairi, bwana, iliyoanza kuchapa kitabu cha kuwaongoza wenye magari mwaka 1900. Boer angeweza kuagiza vya Ufaransa na kuiga. Badala yake akageukia maji aliyokulia. Akachukua samaki wa maziwa na mifereji, mkunga, majani yanayoota kando ya maji ambayo wengine waliyaona magugu. Vitu vya kwao, visivyo na jina lolote kubwa, akaviweka kwenye sahani za watu wenye fedha. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Kupika vizuri wengi wanaweza. Kuamini kwamba kijijini kwenu kuna kitu cha kumpa mgeni mkubwa, hilo ni gumu.

Nyota ya kwanza ilikuja 1993, ya pili 1999, ya tatu 2004. Nyota tatu ndiyo mwisho wa ngazi. Kabla yake ni mgahawa mmoja tu wa Uholanzi uliokuwa umefika huko, Parkheuvel wa Rotterdam, mwaka 2002.

Halafu wakafanya kituko kingine. Mwaka 2008 walifungua hoteli ya kulala ndani ya jengo lililokuwa gereza la wanawake, na mwaka 2015 wakahamishia mgahawa wenyewe humo, kwenye ua uliofunikwa kwa paa la vioo. Hebu fikiria: mahali ambapo wengine walihesabu siku wapate kutoka, leo watu wanasubiri nafasi ya kuingia. Bei yake usiulize. Mimi na wewe tutaishia kusoma habari zake. Kinachonichekesha ni kwamba chakula chao kimoja kinachotajwa sana ni nyama mbichi iliyokatwakatwa, mgeni anawekewa juu ya mkono wake mwenyewe. Hakuna sahani, hakuna uma. Nyota tatu, halafu unakula mkononi!

Mwezi Aprili 2025 Jonnie Boer alifariki ghafla akiwa kisiwani Bonaire, kwa damu kuganda na kuziba mapafu. Alikuwa na miaka 60. Mgahawa wa namna hii mara nyingi ni mtu mmoja. Akiondoka, wanafunga milango. Thérèse hakufunga. Jiko likabaki kwa Nelson Tanate, aliyepika chini ya Boer, na mama mwenyewe akarudi ukumbini kupokea wageni.