Shule za Jioni za Don Bosco: Fedha Zilitoka Wapi?

Katiba yetu ya mwaka 2006, katika ibara ya 43, inasema kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure, na tangu mwaka wa shule 2019-2020 agizo hilo limeanza kutekelezwa. Lakini saa za jioni hazimo ndani yake. Mtoto anayehitaji kurudia hesabu, kijana aliyeacha shule ili afanye kazi, mama anayetamani kujua kusoma, wote hao wanangoja mtu wa kuwafungulia darasa baada ya kazi za mchana. Tumeona masomo ya namna hiyo yakianza kwa shangwe, kisha yakikoma siku fedha za mradi zilipokwisha. Ndiyo sababu tunapenda kurudi nyuma, tuone jinsi kazi ya namna hii ilivyopata riziki yake mahali pengine, tena katika umaskini.

Tuangalie Torino, mji wa Italia ya kaskazini, katika miaka ya 1840. Vijana wengi walishuka kutoka vijijini kutafuta kazi ya uashi au ya kusafisha mabomba ya moshi. Walifanya kazi mchana kutwa, na wengi hawakujua kusoma. Padre Yohane Bosco, aliyepewa upadre mwaka 1841, alianza kuwakusanya siku za Dominika. Upesi alitambua kwamba Dominika peke yake haitoshi: waliyojifunza siku hiyo waliyasahau katikati ya juma. Katika majira ya baridi ya 1845-1846 alikodi vyumba vitatu katika nyumba ya padre mmoja aliyeitwa Moretta, akaanzisha masomo ya jioni. Baada ya miezi michache wapangaji wengine walilalamikia kelele, na vijana wakaondolewa. Siku ya Pasaka ya 1846 walihamia katika kibanda cha Bwana Pinardi, mtaani Valdocco.

Fedha zilitoka wapi? Kwanza zilitoka nyumbani mwake. Mama yake, Margherita, alikuja kuishi naye mwezi wa Novemba 1846. Katika kumbukumbu zake Don Bosco anaeleza kwamba waliuza vipande vya shamba na mizabibu ili kukidhi mahitaji ya kwanza. Nguo za arusi za mama zilikatwa zikawa mavazi ya Misa. Pete yake na mkufu wake mdogo wa dhahabu viliuzwa. Kabla ya kugonga mlango wa tajiri, familia hiyo ilikuwa imekwisha kutoa chake.

Pili, walipatikana walimu wasiolipwa mshahara. Don Bosco aliwachagua vijana kadhaa wenye akili, akawafundisha bure Kiitaliano, Kilatini, Kifaransa na hesabu, kwa sharti kwamba nao wawafundishe wenzao katekisimu na masomo ya jioni. Hivyo gharama ambayo huzimaliza kazi nyingi za namna hii, yaani malipo ya walimu, ililipwa kwa elimu yenyewe. Vitabu navyo aliviandika mwenyewe, kwa lugha nyepesi. Kwa kuwa vipimo vya mita na kilo vilikuwa karibu kuwa sheria katika nchi yake, aliandika kijitabu cha kuvieleza, akavifundisha jioni. Kijana mwashi alijifunza jambo ambalo kesho yake angelitumia kazini.

Tatu, alionyesha kazi kabla ya kuomba. Vijana walifanya mitihani mbele ya watu, na miongoni mwa waliokuja kusikiliza alikuwamo Ferrante Aporti, mtaalamu mashuhuri wa malezi ya watoto. Halmashauri ya mji ilituma watu wake waone kwa macho yao, kisha ikatoa ruzuku ya franka 300 kila mwaka. Shirika moja la mjini lililoshughulikia elimu ya maskini nalo lilitoa franka 1,000. Hakuna aliyeombwa kugharimia ahadi tupu.

Hata hivyo, misaada mikubwa ina mitihani yake. Baadaye ruzuku ya mji iliondolewa, na Don Bosco aliandika kwamba hakupata kujua sababu. Na mapema zaidi, mwaka 1846, Marchesa Barolo, mwanamke mwenye mali na huruma aliyekuwa amempa kazi na mshahara katika nyumba zake za wasichana maskini, alimtaka achague: ama abaki katika kazi hiyo, ama aendelee na vijana wake. Mama huyo aliihofia afya ya padre, wala hakuwa na nia mbaya. Don Bosco alichagua vijana, akapoteza mshahara. Kama angejibu kinyume, angepata riziki ya hakika, lakini wale waashi wadogo wangekosa mlezi.

Basi alijifunza kutegemea mikono mingi midogo. Mwaka 1852, ili kujenga kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Sales, alifanya bahati nasibu, ile tunayoiita tombola: watu walileta vitu vya kushindaniwa, na wengine wakanunua tiketi. Mwaka 1876 Papa Pius IX alikubali chama cha Wasaidizi Wasalesiani, kilichowaunganisha walei na mapadre waliotaka kusaidia kazi hiyo. Na tangu mwaka 1877 walitumiwa gazeti la kila mwezi lililowapasha habari za kazi waliyoitegemeza. Mtoaji wa kiasi kidogo alijua kilichofanyika, kwa hiyo alitoa tena.

Kazi hiyo ilifika hata kwetu. Mwaka 1911 Wasalesiani wa kwanza, wakiongozwa na Padre Joseph Sak, waliingia Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo.

Hatusemi kwamba kumwandikia mfadhili wa mbali ni kosa. Don Bosco mwenyewe aliandika barua za kuomba maisha yake yote. Tunachosema ni kwamba barua ilitanguliwa na kazi. Jumuiya inayotaka kufungua masomo ya jioni ijiulize kwanza: Sisi wenyewe tumetoa nini? Nani kati ya vijana wetu waliomaliza shule yuko tayari kufundisha, nasi tutamfundisha nini badala yake? Hesabu zetu zinasomwa mbele ya wazazi? Na mfadhili akiondoka mwakani, darasa litabaki wazi kwa nguvu ya nani? Jumuiya yenye majibu ya maswali hayo inaweza kuandika barua yake bila haya. Isiyo nayo, hata ikipata fedha, itakuwa imewapa watoto tumaini la miezi michache tu, na mtoto aliyefungiwa mlango mara moja si rahisi kumrudisha.