Mgeni wa Mto Kagera

Ndugu msomaji, mwulize mzee yeyote wa Bukoba anayeishi kwa uvuvi habari za gugu maji, uone atakavyokunja uso. Ana haki. Asili ya gugu hili ni Amerika Kusini. Watu walilitawanya duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau. Huku kwetu lilishuka kutoka Rwanda na Mto Kagera, likapita chini ya daraja la Kyaka, na kufikia 1989 lilikwisha kuonekana Ziwa Victoria. Mwaka 1998 lilifunika zaidi ya hekta 17,000 za ziwa. Mitumbwi ilikwama, samaki wakakosa hewa. Tanzania ilianza kuachia mbawakawa wa kulitafuna mwaka 1997, na gugu likapungua sana. Lakini kuisha, halijaisha mpaka leo.

Hiyo ndiyo historia tunayoijua sote. Mimi nataka kusimulia ile iliyojificha mizizini.

Mizizi ya gugu maji huning'inia majini kama ndevu, na hunasa madini mazito: risasi, kadimi, zebaki, shaba. Mmea mwingine ungekufa kwa sumu hiyo. Hili linadunda tu! Siri ni nini? Mwaka 1985 wanasayansi nchini Ujerumani walieleza vijinyuzi ambavyo mimea huvitengeneza ikiguswa na kadimi, wakaviita fitokelatini. Vina salfa nyingi, na salfa huishika kadimi kama pingu. Mfungwa huyo hupelekwa kwenye mfuko wa maji ulio ndani ya seli, akafungiwa humo asidhuru kitu. Mwaka 1999 ikapatikana jeni yenye maagizo ya kutengeneza kimeng'enya kinachounda pingu hizo. Tena mwaka 2008 ilibainika kwamba mmea mmoja wa Ulaya, Arabidopsis halleri, una nakala tatu za jeni iitwayo HMA4, inayosukuma zinki na kadimi kutoka mizizini kwenda majani. Ndugu zake wa karibu wana nakala moja tu.

Basi, gugu letu lilijifunzia wapi ukakamavu huu? Siyo Bukoba, bwana. Gugu maji huzaana zaidi kwa kuchipua machipukizi, siyo kwa mbegu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya magugu maji yaliyoenea nje ya kwao ni kama mmea mmoja uliojirudia mara mabilioni. Lilikuja na urithi wake mfukoni. Sumu ndiyo halikuja nayo. Hiyo limeikuta kwetu.

Hapo ndipo historia inapotugeukia, vijana wenzangu. Kusini mwa ziwa, wachimbaji wadogo wa dhahabu wanatumia zebaki. Hapa mjini, Mto Kanoni unakatiza katikati yetu kabla ya kuingia ziwani, na tunachomwaga mitaroni hufuata njia hiyohiyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu anatusafishia maji kweli, lakini uchafu anaubeba tu, haumalizi. Risasi hailiwi ikaisha. Gugu likioza majini, madini yanarudi majini. Likitolewa likawa mbolea ya kibanja, yanaingia kwenye udongo wa migomba. Akilishwa ng'ombe, je?

Nasikia wengi wakisifu gugu maji kama mali ya bure: mbolea, chakula cha mifugo. Sipingi. Kusuka vikapu ni kazi njema. Ila nasema mizizi ipimwe kwanza, hasa ile iliyotolewa karibu na miji na migodi, kabla mtu hajaimwaga kwenye kibanja alichoachiwa na babu yake. Migomba ile inalisha watoto. Tulikwisha kupokea mgeni mmoja bila kumwuliza amebeba nini. Tusimkaribishe mpaka jikoni.