Kompyuta kuukuu zilidumu kwa sababu zilifunguka

Leo tuache programu kidogo, tuzungumze historia.

Nilipokuwa nyumbani Sindo likizo iliyopita, binamu yangu aliniletea kipakatalishi chake. Kina miaka minne tu, lakini memori imeharibika. Tukakipeleka kwa fundi sokoni. Alipofungua mfuniko wa chini, akatikisa kichwa: "Omera, memori imechomelewa kwenye mazabodi. Nitoe nini, niweke nini?" Mazabodi nyingine bei yake ilikaribia ya mashine nzima, na muhula unaanza wiki mbili zijazo.

Nikakumbuka kompyuta niliyojifunzia shule ya upili mwaka 2013. Ilikuwa Pentium III, ya mtumba, kubwa kama kreti la soda. Ilipogoma kuwaka tulichomoa memori, tukasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, ikawaka. Stima ilipopotea na kurudi kwa kishindo, pawa saplai iliungua; tukatoa ya mashine iliyokufa. Saa iliporudi nyuma kila asubuhi, tulinunua betri ya duara, CR2032. Memori ya megabaiti 128 tuliifanya 256 kwa kuchomeka kipande cha pili. Mashine moja ikaishi kwa viungo vya tatu.

Je, zamani vyuma vilikuwa bora? Hapana. Mazabodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikufa mapema kwa kapasita zilizovimba na kuvuja. Siri iko kwingine.

Mwaka 1977 Apple II ilitoka na sloti 8 za kadi. Steve Jobs alitaka mbili tu. Steve Wozniak, aliyeibuni, akang'ang'ania nane. Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ikatoa PC yake yenye sloti 5. Ya bei ya chini ilikuja na kilobaiti 16 za memori, ila kwa kuongeza vipande na kadi ungeweza kufika 640. Zaidi ya hapo, IBM iliuza kitabu chenye michoro ya saketi na hata msimbo wa BIOS. Kampuni yoyote ikaweza kutengeneza kadi inayoingia humo. Compaq nayo ikaandika BIOS yake bila kunakili ya IBM, na mwaka 1983 ikaanza kuuza mashine inayoendesha programu zilezile.

IBM ilijaribu kurudisha kufuli. Mwaka 1987 ilileta PS/2, yenye sloti za aina mpya ambazo wengine walitakiwa kuzilipia leseni. Mwaka uliofuata washindani 9, Compaq wakiwemo, wakaungana na kutangaza mfumo wao, EISA, uliopokea hata kadi za zamani. Sloti za PS/2 hazikushika soko.

Ndiyo maana fundi wa Sindo, ambaye hajawahi kuona kiwanda, aliweza kutoa pawa saplai ya kampuni moja akaiweka kwenye boksi la nyingine. Vipimo vilikuwa vya wote.

Siwadanganyi kwamba turudi huko. Zile mashine zilikula umeme, zilipiga kelele, na hukuweza kuzibeba kwenye matatu. Kuchomelea memori kunafanya mashine iwe nyembamba. Lakini mtu wa Nairobi akiharibikiwa ana pa kukimbilia. Sisi wa ufuoni mwa ziwa tuna fundi mmoja na sanduku lake la vipuri. Kipuri kisichotoka hakimsaidii.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: memori inachomoka? Diski inachomoka? Betri inabadilishika bila gundi kung'olewa? Muuzaji akibabaika, hiyo ni mashine ya kutupa.

Binamu tulimtafutia kompyuta ya mezani ya mtumba. Ina sloti 4 za memori, mbili ziko wazi. Hakuipenda sura yake, lakini muhula ulipoanza alikuwa nayo.

Haya, tukutane wakati mwingine.