Daraja la Kale, Mostar

Tembea taratibu: mawe haya yanateleza hata kiangazi, ndiyo maana yamewekewa matuta ya kukanyagia. Upinde wa awali ulikamilika mwaka 1566, kazi ya Mimar Hayruddin, fundi wa dola ya Uthmaniya. Mizinga ya Wakroatia wa Bosnia iliuangusha ndani ya mto Neretva tarehe 9 Novemba 1993. Wapiga mbizi waliopoa mawe ya zamani, lakini yalikuwa yameharibika mno. Mawe mengi ya daraja hili ni mapya, ya aina iitwayo tenelija. Daraja lilifunguliwa tena Julai 2004. Mtaani Bulevar, uliokuwa mstari wa mbele vitani, baadhi ya kuta bado zina matundu ya risasi.

Ukisikia makofi, sogea ukingoni: kijana anachangiwa pesa kabla hajajirusha, zaidi ya mita 20, hadi kwenye maji baridi.