Tanzia ya Kiyunani na Kisa cha Simbi Nyaima

Karibu na Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, lipo ziwa dogo la magadi liitwalo Simbi Nyaima. Wajaluo husimulia kwamba hapo zamani palikuwa na kijiji. Usiku mmoja, watu wakiwa katika karamu ya pombe, alifika bikizee mgeni akaomba hifadhi, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu alimkirimu, naye akaonywa aondoke. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama.

Kisa hiki chafaa kulinganishwa na Waombaji, tamthilia ya Aeschylus iliyoigizwa Athens yapata mwaka 463 K.K. Humo mabinti wa Danaus, waliokimbia kutoka Misri, wanaomba hifadhi mjini Argos. Mfalme Pelasgus hathubutu kuamua peke yake. Raia wanapiga kura, na wageni wanapokewa. Suala ni lile lile la haki ya mgeni, ila Athens, iliyokuwa ikijenga utawala wa raia, ililipeleka barazani.

Tofauti ya pili imo katika korasi. Kwa Aeschylus, korasi ndiyo wageni wenyewe, na tunausikia uchungu wao. Katika kisa cha Simbi, sauti ya wengi ni ya wanywaji, nayo yaangamia pamoja nao. Kuomboleza na kuonya kunabaki juu ya msimulizi.

Je, yafuata kwamba Waafrika hawakuwa na drama, kama walivyodai baadhi ya wahakiki? La hasha. Dai hilo lasahau kwamba tanzia haikuzaliwa na kipaji pekee. Sikukuu ya Dionysus iliendeshwa na dola: tajiri aliamriwa kugharimia korasi, na waamuzi waliteuliwa kwa bahati nasibu. Roma ilirithi visa vingi vya Wayunani, lakini haikuwa na jumba la kudumu la mawe hadi lile la Pompey, mwaka 55 K.K., na waigizaji wake wengi walikuwa watumwa au watu walioachwa huru. Asasi zilipobadilika, sanaa nayo ilibadilika.

Samuel S. Mushi alipomfasiri Sophocles katika Mfalme Edipode (1971), alionyesha kwamba Kiswahili chaweza kuubeba utanzia. Kazi yetu sasa si kuuliza kwa nini Simbi Nyaima si tanzia, bali ni nani aliyekisimulia kisa hicho, mbele ya nani, na jamii ilimpa mamlaka gani ya kuisuta.